Kihesabio Kinachosahau

Mdogo wangu uliyeandika kwamba makro yako ya HLASM "inasahau", tulia, asembla yako ni nzima. Unasema unaiita mara tatu na kila mara &NAMBA inatoka 1. Angalia ulivyoitangaza: LCLA. Kigeu cha LCLA huzaliwa makro inapoitwa, huanza na sifuri, na hufa makro ikifika MEND. Ukiita tena unapata kingine, jina tu ndilo lilelile.

Andika GBLA &NAMBA badala yake. Sasa sifuri inawekwa mara moja tu, na kila makro itakayokitangaza itakikuta na thamani iliyoachwa na iliyotangulia.

Itakayokitangaza, nimesema. Hapo ndipo watu wanapokesha. Kigeu cha globali hakijipenyezi chenyewe ndani ya makro. Kila inayokihitaji iandike GBLA yake, hata kama imeitwa na makro ambayo tayari inayo. Ukisahau, HLASM haikugombezi. Ikikuta SETA inayoweka thamani kwenye kigeu kisichotangazwa, inakuundia kipya cha lokali, kimyakimya, nawe unabaki kulaumu hesabu. Aina nazo zilingane: huku GBLA, kule GBLC, hilo ni kosa.

Ila usifanye kila kitu globali, tafadhali. Majina hayo yanashirikiwa na makro zote za asembli hiyo zinazoyatangaza, pamoja na zile za maktaba ulizozikuta kazini, na &I ya mwenzako, ikiwa nayo ni globali, itagongana na yako. Kama thamani inaweza kupita kwenye parameta, ipitishe huko.

Lebo zina shida ya kinyume: hazifi. RUDI iliyoandikwa ndani ya makro itatokea mara mbili ukiiita mara mbili, na asembla itakataa. Andika RUDI&SYSNDX, upate RUDI0001, kisha RUDI0002. Namba zikiruka usishtuke, makro nyingine zikiitwa nazo zinahesabiwa. Kwenye asembla nyingine, wa NASM wanaandika %%rudi, wa MASM wanatumia LOCAL.

Uliuliza pia kama programu ikishaanza kukimbia inaweza kusoma &NAMBA. Haiwezi, kigeu hicho kinaishi wakati wa kuasembli tu. Ukiitaka hesabu hiyo, igandishe:

JUMLA DC F'&NAMBA'

Uiweke chini ya miito yote ya makro, na huko nje ya makro nako utangulize GBLA.