Chubwi, Tapwi, Tifu, Pu

Watoto, someni maneno haya kwa sauti, polepole: chubwi, tapwi, tifu, pu. Yote manne ni ya kuanguka, lakini kila moja lina mahali pake.

Jiwe likitupwa katika Mto Lualaba, huanguka majini chubwi. Mtu akiteleza wakati wa mvua, huanguka matopeni tapwi. Wakati wa kiangazi njia za Kolwezi zina vumbi jekundu. Kitabu kikikuponyoka, huanguka vumbini tifu. Na embe bivu likitoka mtini, huanguka chini pu.

Tieni mkono mbele ya kinywa, mseme: tifu. Mnasikia pumzi? Inatoka kama vumbi linaloruka. Semeni tena: chubwi. Midomo inafungwa, halafu inafunguka, kama maji yanapomeza jiwe.

Sasa tuseme watoto wawili wanapita karibu na shimo la zamani, lililochimbwa ili kupata shaba. Ni mwezi wa pili. Mvua imenyesha sana, shimo limejaa maji. Mmoja anateleza. Mwenzake, mwenye miaka mitano tu, anakimbia nyumbani. Pumzi imemwishia.

— Kuna nini, mwanangu? mama anauliza.

Akijibu “ameanguka”, mama atauliza tena: Wapi? Mtini? Njiani? Lakini mtoto anasema:

— Mama, chubwi!

Mama haulizi tena. Anaita majirani, anachukua kamba, anakimbia. Wanamkuta yule mtoto ameshika majani ya ukingoni, anatetemeka. Wanamvuta, anatoka mzima.

Kuna maneno mengine ya namna hii ambayo hayaigi mlio wowote. Giza halina sauti, lakini twasema: giza totoro. Nguo iliyofuliwa vizuri ni nyeupe pe. Makaa ni meusi tititi. Watu wakiogopa hunyamaza jii. Mtu aliyechoka hulala fofofo, na usingizi hauna mlio (isipokuwa baba akikoroma!). Hata hivyo, ukisikia fofofo unaona uzito wa usingizi ule.

MAZOEZI

1. Mtoto ameanguka tapwi. Nguo zake zikoje?

2. Sahihisha: Makaa ni meusi pe.

3. Leo jioni muulize nkambo wako: katika Kisanga, Kiruund, Kichokwe au lugha nyingine ya kwenu, jiwe likianguka majini husemaje? Kesho utuambie darasani.