Vijana, Habari na Siasa

Wazazi wengi hulalamika kwamba vijana hawana adabu katika mambo ya siasa. Kabla ya kuwalaumu, yafaa tuulize: habari wanazipata kwa njia gani?

Sisi wazee tulilelewa na Sauti ya Kenya. Redio ilikuwa moja nyumbani, na wakati wa taarifa ya habari wote tulinyamaza. Mara nyingi habari za Rais ndizo zilizotangulia. Basi tukajifunza kwamba siasa ni jambo la kusikiliza, si la kuuliza. Hata waasi wa tarehe 1 Agosti 1982 walilijua hilo: waliteka kituo cha redio Nairobi, wakamlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa.

Kijana wa leo kituo chake kimo mfukoni. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipoletwa Bungeni, vijana waliusoma, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwenye TikTok. (Nani kati yetu wazee amewahi kusoma mswada?) Mkate ulikuwa utozwe kodi ya asilimia 16, na gari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha, 106 wakaupinga. Waandamanaji wakaingia Bungeni, na watu wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi.

Lakini angalieni: tangu tarehe 18 Juni ilikuwa imetangazwa kwamba kodi ya mkate na ile ya gari zimeondolewa. Picha iliyotumwa kabla ya siku hiyo haikujisahihisha. Iliendelea kusema yale yale kwa kila aliyeifungua. Tena simu humwongezea mtu kile alichokipenda jana. Aliyekasirika huletewa ya kumkasirisha. Hivyo ndugu wawili wa nyumba moja, huyu aamini kila mbunge ni mwizi, na yule aamini kila mwandamanaji amelipwa, wala wasijue kwamba hawasomi habari zile zile. Redio yetu ya zamani, pamoja na upungufu wake, ilitupa angalau jambo moja la kubishania.

Zoezi la kikundi: chagueni habari moja ya wiki hii. Kila mmoja aeleze aliipata wapi, na lini. Kisha tafuteni mswada, hukumu au hotuba yenyewe, msome ukurasa mmoja pamoja. Kijana ndiye aongoze.