Vifundo Vimevimba: Ni Bakteria Gani?

Maswali ya wafugaji yanajibiwa na daktari wa mifugo anayefanya kazi maabara.

Daktari, broila wangu wa wiki tano wanachechemea na vifundo vya miguu vimevimba. Dukani wamenipa oksitetrasaiklini. Nianze leo?

Ningekuomba uniletee kuku kwanza. Ukishawapa dawa, sampuli yangu huenda isioteshe kitu. Uvimbe peke yake hautoshi kumtambua bakteria: anaweza kuwa Staphylococcus aureus, Escherichia coli au Mycoplasma synoviae. Pengine si bakteria kabisa, ni virusi vya reo, ambavyo antibiotiki haivigusi. Lete watatu hadi watano walio hai, walioanza kuchechemea karibuni na hawajaonja dawa. Yule aliyejilaza pembeni mwa banda wiki nzima hanisaidii sana.

Nikimpasua mwenyewe siwezi kujua?

Utakisia, na kukisia vizuri kuna faida. Vaa glovu. Usaha mzito wa njano, umekatika mabonge kama maziwa mgando, huelekeza kwa Staphylococcus au E. coli. Ute unaonata wa rangi ya krimu, ulio pia kwenye nyayo na kwenye kifuko cha kidari, nauhusisha zaidi na Mycoplasma synoviae, hasa upanga ukiwa umepauka na kinyesi kikiwa cha kijani. Ukikuta unga mweupe wa chokaa, chunguza figo. Hizo ni chumvi za mkojo.

Wengi huishia kwenye kifundo. Fungua na nyonga: kichwa cha mfupa wa paja kikiwa laini na kikimeguka kirahisi, huenda kimeoza kwa bakteria. Halafu tazama uti wa mgongo. Broila anayeketi juu ya vifundo huku miguu imetangulia mbele, na vifundo vyenyewe havijavimba, anaweza kuwa na Enterococcus cecorum ndani ya pingili. Ni rahisi kudhani ni ugonjwa wa mahepe.

Maabara mnafanya nini hasa?

Tunasafisha ngozi kwa spiriti, tunavuta maji ya kiungo kwa sindano safi na kuyaotesha kwenye agari ya damu, yaani chakula cha kukuzia bakteria, nyuzi 37. Kesho yake Staphylococcus aureus mara nyingi ametoa makoloni ya rangi ya dhahabu; kwa darubini, baada ya kupakwa rangi, ni vishada vya zambarau. E. coli huwa pinki kwenye agari ya MacConkey.

Mimi siandiki majibu kwa kuku mmoja. Staphylococcus huishi kwenye ngozi ya kuku mzima, kwa hiyo pamba iliyogusa manyoya itamleta tu. Akiota peke yake, kwa wingi, kutoka viungo vya kuku kadhaa, hapo namwamini.

Niliandikiwa “hakuna bakteria aliyeota”. Basi hakuna ugonjwa?

Upo, kama kuku wanachechemea. Pengine walishapewa dawa, au ni virusi. Au ni Mycoplasma, ambaye haoti kwenye agari za kawaida na huchukua siku nyingi hata akipewa chakula chake maalumu. Omba kipimo cha PCR. Kipimo cha haraka cha damu kinafaa kwa kundi, lakini mwambie mpimaji kama mmechanja karibuni, hasa kwa chanjo ya mafuta, maana hapo kipimo hudanganya.

Bakteria akishajulikana, dawa gani?

Kwa Staphylococcus na E. coli, ngoja kipimo kinachoonyesha dawa gani inawaua, kwani usugu ni mwingi. Mycoplasma hana ukuta wa seli, hivyo penisilini ni kutupa fedha. Aliyelemaa mtoe, dawa haipenyi vizuri kwenye usaha ulioganda. Kisha kagua maranda yaliyolowa, misumari na waya zinazochana nyayo. Na Mycoplasma hupitia kwenye yai: waulize waliokuuzia vifaranga hali ya kuku wazazi.

Niko mbali na maabara. Nisafirishe vipi?

Kuku hai ni bora. Ikishindikana, daktari wa mifugo wa eneo lako achukue sampuli, iwekwe kwenye kasha lenye barafu, isigandishwe, na ifike siku hiyo hiyo kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kilicho karibu. Makao makuu yako Temeke, na kuna vituo Arusha, Mwanza na Iringa. Andika umri wa kuku, chanjo na kila dawa waliyopewa, hata ile uliyopewa na jirani.