Kumkumbuka Mama kwa Kazi Yake

Mtu akifiwa na mama yake watu humwendea matangani, wakamwombea maiti rehema, kisha wakamsifu kwa maneno mawili matatu: alikuwa mvumilivu, alikuwa mkarimu, hakuwa na neno na mtu. Maneno haya ni mazuri, wala hatuyakatai. Lakini ukiuliza, "Marehemu alikuwa na kazi gani?" utajibiwa, "Hakuwa na kazi, alikuwa nyumbani tu." Hiyo "tu" ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Imepokewa kwa Bibi Aisha kwamba Mtume (s.a.w.) hakuacha kumtaja Bibi Khadija baada ya kufa kwake, na kwamba alikuwa akichinja mbuzi, akamkata vipande, akawapelekea marafiki wa Bibi Khadija. Tazameni jambo hili vizuri. Hawezi mtu kuwapelekea nyama marafiki wa marehemu ila awe anawajua: nani walikuwa wakimwendea, na wakaa wapi. Basi kukumbuka huku kulitokana na kuyajua maisha ya mkumbukwa. Na Bibi Zaynab binti Jahsh, naye mkewe Mtume, alikuwa akidabighi ngozi na kushona, na alichokipata akikitoa sadaka. Khabari zake zilipopokewa, na kazi ya mikono yake ilitajwa pamoja nazo.

Katika darasa letu tulitafuta mfano wa karibu, tukaupata kwa ndugu zetu wa Garissa na nchi ya Kaskazini Mashariki. Sisi watu wa pwani nyumba hujengwa na fundi. Mwanamume hutafuta mawe na boriti, na mke huingia penye nyumba iliyokwisha. Kwa wafugaji wa Kisomali mambo ni kinyume. Nyumba yao, iitwayo aqal, ni kazi ya mwanamke tangu mwanzo hata mwisho. Yeye hukata fito, akazikunja na kuzifunga hata zikawa mfano wa kuba. Yeye husuka mikeka ya kuezekea. Na siku ya kuhama yeye huibomoa, akaipakia juu ya ngamia, akaisimamisha tena mahali pengine penye malisho. Binti anapotaka kuolewa, mama yake na jamaa zake wa kike humtengenezea nyumba hiyo, na arusi yenyewe kwa lugha yao huitwa kwa neno la kuingia nyumba. Mama zetu nao walisuka ukili wakashona mikeka na misala. Tofauti ni kuwa sisi mkeka twaukalia, na wao mkeka huwakaa juu.

Hata chombo cha maziwa ni cha mkono wake. Husukwa kwa nyuzi za mizizi, kikabanwa hata kisivuje, kisha hufukizwa ndani kwa moshi wa vijiti vya mti maalumu, ili kisafike na maziwa yasiharibike upesi. Mtoto aliyenyweshwa katika chombo hicho huijua harufu ya moshi ule mpaka uzeeni. Huu ni ujuzi, tena ujuzi wa kufundishwa miaka mingi.

Leo katika Waberi, mtaa wa mji wa Garissa ambao jina lake kwa Kisomali maana yake ni alfajiri, wengi wakaa katika nyumba za mawe na mabati. Lakini ukitoka kandokando ya mji utaziona kuba zile bado, nyingine zimefunikwa nguo kuukuu na karatasi za plastiki mahali pa mikeka. Ukame wa mwaka 2020 hata 2023 uliua mifugo mingi, na jamaa nyingi zikasogea mijini. Waliosimamisha nyumba hizo ni akina mama.

Wako wasemao: sawa, mwanamke na ajenge nyumba yake, lakini mambo ya mji hayamhusu. Twawajibu kwa khabari ya marehemu Bibi Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa mwaka 1964 katika nchi ya Wajir. Mapema katika miaka ya 1990 kabila kwa kabila zilipigana huko, watu wakauawa na soko likawa mahali pa khofu. Usiku mmoja risasi zililia karibu na nyumba yake, akamtwaa mtoto wake wa kwanza wakajificha chini ya kitanda saa nyingi. Kulipokucha mama yake alimkumbusha kwamba mwaka 1966, wakati wa vita vya shifta, yeye naye alimkumbatia Dekha mdogo chini ya kitanda vivi hivi. Mama na binti, na mjukuu kati yao; na hali ni ile ile.

Akakutana na wanawake wachache wenziwe. Hawakuanza kwa hotuba. Walianza sokoni, kwa kuangalia kwamba mwanamke wa kabila lolote aweze kuuza na kununua bila ya kudhulumiwa. Kisha wakawaendea wazee, na mwaka 1993 wazee wakaafikiana juu ya mapatano ya amani yajulikanayo kwa jina la Al Fatah. Mwaka 2007 Bibi Dekha alipewa Uswidi tuzo ya Right Livelihood. Twaona jambo hili halikutoka mbali: aliyezoea kuisimamisha nyumba iliyobomolewa hababaiki sana aonapo mji umebomoka.

Mwezi wa Julai mwaka 2011, akisafiri kwenda Garissa, gari yao ilipata ajali. Mumewe na dereva walikufa, naye akafariki baada ya siku chache, akaacha watoto wanne. Mola awarehemu. Waliomwandika walitaja tuzo na safari zake, na ni haki yake. Sisi twapenda atajwe pia kwa usiku ule wa chini ya kitanda, na mama yake atajwe pamoja naye, kwani lau si maneno ya mama yule asubuhi ile, pengine binti angalihama tu kama walivyohama wengine.

Mwisho wa darasa kila mmoja wetu alitakiwa ataje kitu kimoja ambacho mama yake alikitengeneza kwa mkono wake, na rafiki mmoja wa mama yake aliye hai. Kofia zilitajwa, na mikeka, na achari. Katika marafiki tulikwama. Watatu hawakuweza kumtaja hata mmoja, na mmoja katika hao aliondoka kabla ya Isha kwenda kumwuliza shangazi yake.