Vumbi la Shimoni: Maswali ya Wachimbaji wa Vito Taita Taveta

Mwanajiolojia Campbell Bridges alipata tsavoriti, kito cha kijani, upande huu wa Taita Taveta, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hadi leo wachimbaji wadogo wa Kasigau, Kuranze na Mwatate wanaifuata chini kwa tindo, nyundo na jekihama. Mtaalamu wa afya kazini anajibu maswali yao.

Vumbi nimelizoea miaka mingi. Litanidhuru vipi?

Mapafu hayalizoei, huchelewa tu kulalamika. Miamba mnayoitoboa ina kwatsi, na kwatsi ikisagwa hutoa vumbi la silika. Lile linalotua begani si la kutisha sana. La kuogopa ni laini lisiloonekana, ambalo hufika ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo, silikosisi, mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 au 20, lakini penye vumbi zito huja mapema zaidi. Hauna tiba. Kijana wa miaka 20 anayeshuka shimoni leo ndiye ninayemhofia zaidi, maana hajisikii mgonjwa.

Nikijifunga leso puani je?

Leso haizuii vumbi hilo. Barakoa ya aina ya N95 husaidia ikibana uso vizuri, na ndevu huiharibia kazi. Hata hivyo hiyo ni kinga ya mwisho. Ya kwanza ni maji.

Maji? Huku Kasigau hata ya kunywa twanunua kwa mitungi.

Najua, na sitaki kulipuuza jambo hili, kwa sababu ndipo ushauri wa wataalamu wengi hukwama. Maji ya kutobolea si lazima yawe safi wala mengi. Ya chumvi yanafaa, hata yaliyofulia nguo. Jekihama nyingi zina mahali pa kuunganisha mpira wa maji. Kama yako haina, mwenzako amwagilie tundu kidogo kidogo wakati unatoboa. Chimbeni kidimbwi cha kunasa maji yanayotiririka, tope litulie, mrudie kuyatumia. Baruti ikishalipuka, msikimbilie kutazama kama kijani kimetoka: subirini moshi na vumbi viishe, kisha lowesheni kifusi kabla ya kukigusa. Kina mama wanaopepeta kifusi juu wakae upande upepo unakotoka, na watoto wasicheze hapo. Nguo za shimoni zikung'utwe mbali na nyumba, au bora zaidi zilowekwe.

Nakohoa, na kifua kinabana. Nimeambiwa ni TB.

Huenda ni kweli. Silika hudhoofisha kinga ya mapafu, hivyo mwenye silikosisi hupata TB kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Dawa za TB zimalize, ni bure katika hospitali za umma. Lakini ukifika hospitali ya rufaa ya Moi hapo Voi, au zahanati yoyote, mwambie daktari kwamba unachimba mawe na tangu lini. Asipojua kazi yako, hatafikiria vumbi.

Shimo likijaa maji, tushushe pampu ya petroli?

Kamwe! Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na huua kwa dakika chache. Injini ibaki juu, mbali na mdomo wa shimo. Mwenzenu akianguka chini, mtu asimfuate bila hewa safi na kamba. Mara nyingi anayekwenda kuokoa ndiye maiti ya pili.

Na sisi tunaosindika mkonge hapa Taita Taveta, vumbi letu je?

Vumbi la kupiga brashi singa pia hukaba kifua. Milango iwe wazi, barakoa zitolewe. Kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, vifaa vya kinga ni gharama ya mwajiri, si yako.

Nikiumia, nani atanilipa?

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamfidia mwajiriwa kwa majeraha na magonjwa ya kazi. Kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu, malipo ni mapato ya miezi 96. Tatizo la mashimo yetu ni kwamba tajiri hutoa chakula na vyombo, kisha mnagawana kinachopatikana. Likitokea la kutokea, atasema hakukuajiri. Andikianeni makubaliano kabla ya kushuka, yaeleze nani anagharamia matibabu. Sheria ya Madini ya 2016 inawatambua wachimbaji wadogo: jiungeni kwenye chama, ombeni kibali, na sehemu ya kila mauzo itengwe kwa bima ya afya.