SOMO LA WIKI: Unyevu wa mahindi unavyokula mtaji wa mfanyabiashara

Machi 5, 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama Namanga. Mnamo Machi 10 marufuku hiyo iliondolewa, lakini kwa masharti. Mwagizaji alitakiwa kusajiliwa, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Kiwango hicho ni kidogo mno. Kwa lori la tani 30 ni gramu 0.3 tu, karibu na uzito wa punje moja ya mahindi. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ilileta vifo Dodoma na Manyara. Si jambo la kuwasingizia maofisa wa mpakani.

Wafanyabiashara wengi hulichukulia suala hili kuwa la maabara. Maabara hupima tu, haisafishi. Kuvu huanza shambani, hasa mwaka wa ukame, kisha hustawi pale mahindi yanapoanikwa chini au kufungwa kwenye magunia yakiwa hayajakauka. Kwa hiyo mafunzo ya ubora yenye faida ni yale yanayomfikia mnunuzi wa kijijini, mtunza ghala na mpakiaji. Mwenye mtaji akienda semina peke yake, atarudi na cheti cha kutundika ukutani.

Kipimo cha kwanza ni unyevu. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka usizidi asilimia 13.5. Anayenunua gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likishakauka hadi kiwango hicho hubaki na kilo 95 hivi. Kilo tano alizolipia zilikuwa maji. Katika magunia 300 hizo ni zaidi ya kilo 1,500, yaani tani moja na nusu. Kwa hasara hiyo, bei ya kipima unyevu si ya kuogopa.

Asiye na kipima unyevu anaweza kutumia chumvi. Chumvi iliyokaushwa vizuri hutiwa pamoja na punje katika chupa kavu ya kioo, ikatikiswa, kisha ikaachwa kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mzigo urudi juani. Isipoganda, bado haina maana kuwa umefika 13.5. Njia hii inafaa kukataa mzigo, haitoshi kuukubali.

Kosa kubwa zaidi, na ndilo linalowaangusha hata wazoefu, ni la kuchukua sampuli. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na gunia la jirani likawa safi kabisa. Kuchota konzi moja mdomoni mwa gunia na kuipeleka maabara ni kucheza bahati nasibu. Bambo refu lifike katikati ya gunia, magunia mengi yachomwe, punje zichanganywe pamoja, ndipo sehemu yake ipelekwe kupimwa. Vinginevyo mzigo hupasi Kibaigwa ukakataliwa Namanga, na mwenye mali akadhani ameonewa.

Ghalani mambo ni machache. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na mzigo mbichi usiingie kamwe kwenye rundo kavu. Punje zilizovunjika, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zichambuliwe kabla ya kufunga. Kazi hii ilipwe kwa siku. Kibarua anayelipwa kwa gunia huharakisha, na punje mbovu humpita.

Linalobaki ni daftari, ambalo wengi hulidharau. Kila fungu lipewe namba, na kuandikwa kijiji lilikotoka, siku ya kununuliwa na unyevu uliopimwa. Bila daftari, sampuli moja ikikataliwa mzigo wote hushukiwa. Penye daftari na magunia yenye namba, mwenye mali anaweza kulitenga fungu la kijiji kimoja, akaomba yaliyobaki yapimwe upya.