Maudhi ya Dawa: Tuyaseme, Tusiyafiche



Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, mzaliwa wa Kilimarondo, Nachingwea. Somo la leo silitoi vitabuni tu, nalitoa pia katika mwili wangu. Nimeona ndugu zetu wanaacha dawa kimya kimya, na mimi nilikaribia kuwa mmoja wao.

Kwa muda mrefu niliumwa kichwa, nikawa sioni vizuri pembeni, na nguvu za ndoa zikapungua. Nyumbani wapo waliosema ni jini. Kipimo cha MRI nilichofanyiwa Dar es Salaam kikaonesha uvimbe katika tezi ya pituitari. Tezi hii ni ndogo kama punje ya mbaazi, imekaa chini ya ubongo, karibu na mishipa ya macho, nayo huziamrisha tezi nyingine nyingi mwilini. Uvimbe wangu ulikuwa ukitoa kwa wingi homoni iitwayo prolaktini. Uvimbe wa aina hii kwa kawaida si saratani, na wagonjwa wengi hutibiwa kwa vidonge bila kupasuliwa. Ipo bromokriptini, ambayo humezwa kila siku, na ipo kabagolini, ambayo humezwa mara moja au mbili kwa wiki. Vidonge hivi huishusha homoni hiyo, na kwa wengi uvimbe wenyewe husinyaa.

Lakini dawa hizi zina yale ambayo wauguzi huyaita maudhi madogo madogo. Nitataja matatu yaliyonipata.

La kwanza ni kizunguzungu. Dawa hizi zaweza kushusha presha mtu anapoinuka ghafla. Siku moja nikiswalisha, niliponyanyuka kutoka kwenye sijida niliona giza, nikashikilia ukuta. Mwalimu mzima ninayefundisha habari ya Imran bin Husayn (r.a.), ambaye kwa maradhi yake Mtume (s.a.w.) alimruhusu kuswali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa kulala ubavu akishindwa kukaa, niliona haya kukaa mbele ya maamuma! Sheria ilikuwa imenipa nafasi, nafsi ndiyo iliyokataa. Baadaye nilimwachia mwenzangu uimamu, nikaswali nimekaa mpaka mwili ulipozoea.

La pili ni kichefuchefu. Dawa hizi huanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu, na hufaa zimezwe pamoja na chakula, hasa usiku. Mimi nilikuwa nameza na tumbo tupu, kisha nailaumu dawa. Mwezi wa Ramadhani daktari aliniruhusu kufunga na kumeza baada ya kufuturu. Asiyeweza, ruhusa yake imo katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185. Asiitupe ruhusa ya Mola wake, wala asiitupe dawa.

La tatu naliandika kwa uzito. Nilianza kubeti. Mimi ambaye nimewasomesha vijana Suratul-Maida aya ya 90, inayokataza kamari, nilikesha na simu mkononi. Nilitubu usiku, asubuhi nikarudia. Fedha za korosho tulizoziweka kununulia bati zikaisha, shilingi 380,000. Mke wangu alipogundua hakupiga kelele. Alisema, "Baba watoto, hii si tabia yako. Ilianza lini?" Tukahesabu miezi. Ilianza baada ya dozi kupandishwa. Tukaitafuta ile karatasi inayokaa ndani ya boksi la dawa, ambayo sikuwahi kuifungua. Imeandikwa humo: baadhi ya watumiaji hupata hamu kali isiyozuilika ya kamari, manunuzi, kula au tendo la ndoa.

Sababu yake inaeleweka. Dawa hizi huiga kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo inayozuia prolaktini. Lakini dopamini hiyo hiyo ndiyo inayohusika na hamu na raha. Si kila mtu hupatwa na hali hii, ila anayepatwa mara nyingi huona haya kusema.

Nilirudi kwa daktari nikamweleza yote. Alipunguza dozi, akanipangia vipimo vya damu, na baada ya wiki kadhaa hamu ile ikafifia. Simu yenyewe nilikuwa nimemkabidhi mke wangu.

Ndugu zangu, sisemi kuwa dawa inahalalisha haramu. Nilitubu, na deni la bati bado nalilipa. Nasema kuwa toba na daktari havigombani. Aliyepewa ugonjwa amepewa na wajibu wa kutafuta tiba, na kusema kweli kwa tabibu ni sehemu ya tiba hiyo. Kuacha vidonge hivi bila ushauri kwaweza kuirudisha homoni juu na uvimbe ukakua tena, hata ukaharibu macho.

Basi nawausia mambo manne. Soma karatasi ya dawa yako, au usomewe. Mwambie mmoja wa nyumbani akuangalie, kwani yeye ataona mabadiliko kabla yako. Andika tarehe kila jambo geni linapoanza. Na umweleze daktari hata lile la aibu, kwani hawezi kurekebisha asichokijua.

Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu na atupe ujasiri wa kusema kweli. Amin.